Kabla ya goti jipya, Tusajigwe hataki uanguke

Ni saa mbili asubuhi, na jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya milima ya Livingstone. Kijijini Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, Tusajigwe Mwaipaja amevua viatu, amekaza kitenge chake kiunoni na kusimama nyuma ya mwanamke aliyekaa kwenye kigoda. Ametanua mikono kama mtu anayetaka kukamata kuku, lakini hamgusi.

"Kunja mikono kifuani, mama. Sasa inuka bila kushika kitu."

Mwanamke huyo ni Bibi Marta, mfinyanzi mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, ambaye vyungu vyake huuzwa kila Jumamosi gulioni Lyulilo. Anainuka nusu, anarudi chini. Anajaribu tena. Goti la kulia linalia kama kijiti kikavu, anayumba, kisha anasimama akihema na kucheka.

"Umeona? Mzima kabisa!"

"Nimeona," anajibu Tusajigwe. "Sasa tembea hadi pale mnapochomea vyungu, geuka, urudi. Usiharakishe kwa ajili yangu."

Bibi Marta anakwenda. Tusajigwe anamtazama zaidi anapogeuka, kwa sababu wengi huenda vizuri mbele na kupepesuka wakati wa kugeuka. Anamwambia asimame miguu ikiwa pamoja, afumbe macho. Anamwuliza anaona vipi jioni na anameza dawa gani. Anaokota kandambili zake na kuzipindua. Nyayo zimelika zikawa laini kama kipande cha sabuni.

Kisha anauliza swali ambalo, kwa maneno yake, ndilo gumu kuliko yote.

"Tangu Pasaka, mama, umeanguka mara ngapi?"

"Mimi?" Bibi Marta anaangalia ziwani. "Sijaanguka hata mara moja."

Mumewe, Mzee Yohana, aliyekuwa akishona wavu pembeni, anainamisha kichwa na kushona haraka zaidi.

Huu ni Juni 1998, na mvua za El Nino zilizochimba njia za wilaya hii zimekatika majuzi tu. Tusajigwe, mwenye umri wa miaka 41, ni msaidizi wa tiba ya viungo katika hospitali moja ya misheni wilayani Kyela. Kazi yake kubwa siku hizi ni kuwafuata nyumbani wagonjwa wanaosubiri kubadilishiwa goti, na kuchunguza ni nani kati yao yuko katika hatari ya kuanguka kabla siku yake haijafika.

Upasuaji wenyewe ni jambo geni katika ukanda huu. Kila Agosti, timu ya mabingwa wa mifupa hufika katika hospitali moja kubwa mjini Mbeya na kuwawekea goti la bandia wagonjwa wachache ambao magoti yao yamekwisha kabisa. Anayekosa Agosti hii husubiri Agosti ijayo.

"Gegedu, ile sehemu laini inayozuia mifupa isisagane, inakuwa imelika," anaeleza Dk. Jackson Mwakyoma, anayefanya kazi na Tusajigwe. "Mguu unakuwa hauaminiki. Asubuhi unakubeba, mchana unakukana. Mgonjwa akianguka akavunjika nyonga, habari ya goti imekwisha. Hata akipata kidonda kidogo tu mguuni hatuwezi kumpasua, maana vijidudu vikihamia kwenye goti la bandia ni balaa."

Ndiyo sababu anamtuma Tusajigwe vijijini. "Hapa hospitalini mgonjwa anatembea kwenye korido iliyonyooka, nesi yuko pembeni. Kule nyumbani kuna mbuzi amefungwa kamba mlangoni. Tusajigwe ndiye anayekutana na huyo mbuzi."

Anakutana na mengi. Tangu biashara ilegezwe, maduka ya Kyela mjini yamejaa kandambili za plastiki, nyingine zikivushwa mpakani Kasumulu. Wakulima wa kakao, ambao sasa wanawauzia wanunuzi binafsi, wanamwaga saruji sakafuni na kuipaka nta mpaka ing'ae.

"Bei ya kakao ikipanda, kazi yangu inaongezeka," anasema Tusajigwe huku akicheka. "Sakafu ya udongo ilikuwa inamshika mtu mguu. Hii mpya unauona uso wako, halafu unaubusu."

Lakini sakafu ya namna hiyo ndiyo iliyomliza mwaka jana.

Zebedayo, mkulima wa Bujonde, alikuwa mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza. Tusajigwe alimpima, akamwuliza kama anaanguka. Zebedayo, ambaye ujanani alikuwa kepteni wa timu ya mpira ya kata, alijibu kifua mbele kwamba hajawahi. Tusajigwe akamwamini. Wiki moja kabla ya safari ya Mbeya, mzee huyo aliteleza sebuleni kwake, na ukingo wa meza ukamchana muundi hadi mfupa ukaonekana. Safari ikaahirishwa mwaka mzima.

"Nilipokwenda kumwona alikuwa analia," anakumbuka Tusajigwe. "Akaniambia, 'Mwanangu, nilikuwa naanguka kila wiki. Niliogopa kwamba ukijua utanifuta.' Nikakaa pale pale kwenye ile sakafu yake, nikalia naye."

Woga huo, aligundua baadaye, ulikuwa umeenea kote, kuanzia mjini hadi ziwani. Watu waliambiana kwamba anayeanguka anaondolewa kwenye upasuaji. Haikuwa kweli, anayeanguka ndiye anayetembelewa mara nyingi zaidi, akafundishwa mazoezi na kurekebishiwa nyumba. Wengine hawakuogopa kufutwa, waliona haya tu. Mtu mzima kuanguka ni habari inayofika kisimani kabla yeye mwenyewe hajainuka.

Tusajigwe ana sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Baba yake, Andongwisye, alilima mpunga Bujonde maisha yake yote, akiinama matopeni hadi magoti yote mawili yakavimba. Mwaka 1989 alianguka akitoka kuchota maji, akavunjika nyonga, hakuinuka tena.

"Goti lilimtesa miaka mingi, lakini kilichomwondoa ni kuanguka," anasema. "Kwenye matanga ndipo majirani walipotuambia kwamba walikuwa wanamwokota njiani. Sisi watoto wake hatukuwahi kumwuliza."

Wakati huo alikuwa mhudumu wa wodi. Miaka mitatu baadaye hospitali ilipotafuta mtu wa kupelekwa kusomea tiba ya viungo, aliomba kabla tangazo halijamaliza kubandikwa ukutani. Mumewe, Hezroni, alibaki na watoto na shamba la mpunga. Shamba hilo bado linawalisha hadi leo, kwa kuwa mshahara huchelewa, na nauli za malori na mitumbwi wakati mwingine hutoka mfukoni mwake.

Jinsi ya kuwafanya watu waseme ukweli aliipata bila kuitafuta. Ilikuwa mapema mwaka huu, dukani kwa Salma Abdulrahim, mfanyabiashara wa vitenge Kyela mjini, ambaye babu yake alihamia huku kutoka Kilwa. Salma naye anasubiri goti. Aliulizwa swali lile lile, akatoa jibu lile lile.

"Nilikuwa nimechoka, nimetembea tangu asubuhi," anasimulia Tusajigwe. "Nikasema, haya, kama wewe huanguki, mimi naanguka. Nikamsimulia aibu yangu moja. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Halafu akasema, 'Funga mlango, na mimi nikwambie.'"

Salma alikuwa akianguka wakati wa swala, akiinuka kutoka kwenye sijida. Aliona haya kusali amekaa ilhali wenzake wamesimama, mpaka siku imamu wa msikiti wake alipomkumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa.

"Nikasema alhamdulillahi," Salma alimweleza mwandishi wa makala haya, akiwa kwenye kiti chake nyuma ya marobota ya vitenge. "Mungu mwenyewe amenipa kiti. Binadamu gani ataninyima?"

Tangu siku hiyo Tusajigwe huanza na aibu yake.

Pale Ikombe anaketi mkekani, ananyoosha miguu na kuvuta pumzi. "Mama, mimi niliwahi kuanguka mbele ya wakwe."

Bibi Marta anageuka kutoka ziwani. "Wakwe wa nani?"

"Wa kaka yangu. Harusi, Tukuyu. Nimevaa viatu vya kisigino, vya mtumba, kimoja kikubwa kuliko kingine. Nimebeba sinia la wali na kuku, wakwe wamekaa mstari mzima wananitazama mimi. Nikaona, leo watanijua. Nikapiga hatua ya maringo. Mguu ukaenda, kiatu kikabaki. Sinia likaruka juu! Paja la kuku likatua kwenye mfuko wa koti la mshenga."

"Likaingia?"

"Likaingia, mama. Na hakulitoa. Alikwenda nalo nyumbani."

Bibi Marta anacheka akijipiga mapaja. Lakini anayecheka zaidi ni Mzee Yohana. Sindano ya wavu imemtoka mkononi, amejishika mbavu, na hanyamazi hata wenzake wanaponyamaza.

"Wewe unacheka nini?" mkewe anamwuliza.

"Nimekumbuka kitu."

"Haya, mwambie basi!"

"Simwambii mimi. Goti si langu."

Bibi Marta anampiga kwa ncha ya kitenge, kisha anaficha uso kiganjani. "Ndiyo, mwanangu. Naanguka."

Tusajigwe alikuwa na hakika kwamba atatajiwa mtumbwi. Hakuna barabara ya kufika Ikombe, na Bibi Marta hushuka Lyulilo kwenye mawimbi huku akiwa na chungu kichwani. Hakuwa sahihi.

"Mtumbwini sianguki. Pale Yohana ananishika, na nikimwagika nachekwa na samaki tu. Naanguka kwa shemeji."

Shemeji huyo ni Mzee Ambilikile, kaka mkubwa wa Yohana na mkuu wa ukoo, anayekaribia miaka themanini na kuishi ua wa pili. Kila asubuhi tangu aolewe, Bibi Marta huenda kwake, hupiga magoti na kumwamkia. Kushuka anaweza. Kuinuka ndiko kunamshinda. Goti hukaza, naye hubaki chini akingoja mzee aingie ndani, ndipo ajivute kwa kushika fito za ua. Siku nyingine fito hazimhimili, huangukia rundo la kuni.

Anafunua upande wa paja. Kuna jeraha la ndani, la rangi ya zambarau, pana kama sahani.

"Ngozi haijachanika," anasema Tusajigwe taratibu. "Bado. Lakini Agosti iko mbali, mama. Usipige magoti tena."

Kicheko kinakwisha uani. "Wewe ni wa huku huku," anasema Bibi Marta. "Unajua unaloniambia? Waseme Marta amekwenda hospitali amerudi na kiburi? Afadhali nilikose hilo goti."

Tusajigwe alijua. Yeye mwenyewe, aliposhuka mtumbwini asubuhi hiyo, alianza kwa mzee Ambilikile na kumpigia magoti. Akavaa viatu.

"Basi twende wote."

"Kaka yangu sijawahi kumwambia neno la namna hiyo," alisema Mzee Yohana, ingawa alishasimama.

Mzee Ambilikile alikuwa amekaa barazani akisikiliza redio. Ni mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuita mitumbwi iliyo mbali. Tusajigwe alipiga magoti, akamwamkia kwa lugha ya huku, akimwita baba. "Mugonile, tata."

"Umenisalimia tayari asubuhi. Kuna msiba?"

Hakukuwa na msiba, Tusajigwe alisema, ila kulikuwa na ombi. Akaeleza habari za goti, za Agosti, na za kidonda kinavyoweza kuharibu yote. Akaeleza habari za mwanamke wa Kyela mjini, Mwislamu mcha Mungu, ambaye siku hizi anasali akiwa amekaa kitini.

"Anasema Mungu mwenyewe amempa kiti, tata. Nikaona, kama Mungu amekubali, nije nikuulize na wewe."

Mzee alinyoosha mkono akazima redio. Alimtazama shemeji yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya Yohana akiangalia ardhi.

"Marta. Unaanguka? Hapa kwangu?"

"Ndiyo, tata."

"Pale kwenye kuni?"

"Pale pale."

"Siku zote hizi naona unachelewa kuinuka," alisema mzee, "nikajua unaniongezea heshima! Nimewasimulia wazee wa Lyulilo, nimewaambia hakuna mwenye shemeji mwenye adabu kama wangu. Kumbe mtu amekwama?"

Yohana ndiye aliyeanza kucheka, akiwa ameziba mdomo. Bibi Marta akamfuata. Mzee aliwaangalia wote wawili kwa ukali, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sauti ile ya kuita mitumbwi ikapasuka kwa kicheko hadi majirani wakatoka nje.

Alipotulia aliingia ndani, akatoka akikokota kiti chake cha mikono, ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukikalia. Akakiweka katikati ya uwanja.

"Kaa hapo. Unisalimie."

Bibi Marta alikaa. Alimwamkia, na mzee akaitikia kwa urefu, akitaja watoto, wajukuu na marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kama inavyopasa. Kisha akawageukia majirani.

"Mmesikia? Huyu ananisalimia amekaa. Mwenye neno aje aniambie mimi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi Marta alilia waziwazi bila kujifuta.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Kuni zilihamishwa siku hiyo hiyo. Mzee Yohana alifunga kamba ya katani kwenye nguzo, kutoka mlangoni hadi chooni, ya kushika wakati njia ina utelezi. Kandambili zilitupwa, na Bibi Marta akapewa katambuga, vile viatu vya matairi vinavyong'ang'ania ardhi. Tusajigwe alimfundisha mazoezi ya kukaza mapaja, ayafanye kila anaposubiri vyungu vikauke.

Agosti ilipofika, gari la hospitali lilipanda milima ya Tukuyu likiwa na Bibi Marta, Salma na Zebedayo, pamoja na wagonjwa wengine. Tusajigwe alikaa mbele. Safari hii hakuna hata mmoja aliyeachwa nyumbani kwa sababu ya kuanguka.

"Tulipovuka Tukuyu nikahesabu vichwa tena na tena," anasema. "Dereva akaniuliza kama kuna niliyemsahau. Nikamwambia hapana, nafurahi tu."

Zebedayo alikuwa amejiandaa kwa namna yake. Aliikwangua sakafu yake yote kwa msasa na patasi hadi mng'aro ukatoka. "Mke wangu, Felista, alininunia wiki nzima," anasimulia, akinyoosha goti lake jipya na kulitazama kama mtu aliyenunua baiskeli. "Sasa nikitembea bila fimbo ananisindikiza mpaka barabarani, ili watu waone."

Mwandishi wa makala haya alirudi ziwani mwishoni mwa Oktoba. Gulio la Lyulilo lilikuwa limechangamka. Samaki wanang'aa kwenye vikapu, vyungu vimepangwa mchangani. Mtumbwi wa Mzee Yohana uliingia na Bibi Marta akashuka, mkono mmoja kwa mumewe, mwingine kwenye fimbo. Alitembea hadi mahali pake pa kuuzia bila kusimama njiani.

"Mwanzoni liliuma, nisikudanganye," alisema akipanga vyungu. "Nikawaza, hawa wameniwekea chuma cha baiskeli. Sasa nalala usiku kucha. Jumapili iliyopita nilicheza kanisani. Kidogo tu, lakini nilicheza."

Bado anamwamkia shemeji yake akiwa amekaa, kwa sababu madaktari wamemwambia asipige magoti. Na si yeye pekee. Uani kwa Mzee Ambilikile sasa kuna benchi refu la mbao, na wanawake wazee wa kijiji hukaa hapo kila asubuhi. Mzee mwenyewe hulalamika kwamba salamu iliyokuwa ikiisha upesi siku hizi hufika hadi uji unapoiva. Hata hivyo, amelitengenezea benchi hilo paa la nyasi.

Tusajigwe hakuwapo gulioni siku hiyo. Alipatikana jioni, njiani kurudi kutoka Bujonde, akisukuma baiskeli kati ya migomba. Ana wagonjwa wapya wanaosubiri Agosti ijayo, na ameanza kuwafundisha akina mama wa kanisani, pamoja na wenzao anaowakusanya Salma dukani kwake, namna ya kumpima mtu: kumwinua kitini, kumgeuza, kumtazama miguu, kumwuliza bila kumtisha.

Mpango wake mkubwa ni mkutano. Mwezi wa saba, mavuno ya mpunga yakiwa yamekwisha, anataka kuwakusanya wote wanaosubiri goti pamoja na waliokwisha kulipata, kwenye uwanja wa mpira wa Bujonde. Kila mtu atasimama, au atakaa akipenda, na kusimulia jinsi alivyowahi kuanguka. Atakayewachekesha watu kuliko wote ataondoka na doti ya kitenge kutoka kwa Salma.

"Nataka lisemwe hadharani mpaka liishe aibu," anasema. "Mtu akishalicheka kuanguka kwake mbele ya watu, siku nyingine akiyumba ataomba mkono."

Je, watu watakubali kusema?

Tusajigwe anaegemeza baiskeli kwenye mgomba, maana ameshaanza kucheka na hawezi kuisukuma.

"Mzee Ambilikile ameniletea salamu kwa mtumbwi wa jana," anasema. "Anataka awe msemaji wa kwanza. Anasema ana maanguko mawili ambayo hajawahi kumwambia mtu yeyote."